Msikande nundu ya kichwani: barua kwa wanaolea wachanga Dodoma

Wanangu, mbukwenyi.

Mtoto akianguka kitandani au akiponyoka mgongoni, wengi wenu mnakimbilia kitambaa cha maji ya moto. Acheni. Kukanda huzidisha damu kuvuja chini ya ngozi, na kama mfupa umepasuka, mnabonyeza pale pale palipopasuka. Maji baridi, bila kukandamiza, yanatosha.

Papaseni kwa ncha za vidole. Nundu ngumu ya kwenye paji la uso mara nyingi hupita yenyewe. Ninayoiogopa ni ile laini, inayobonyea kama embe lililoiva mno, juu ya sikio au kisogoni, kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Chini yake mara nyingi kuna ufa, hata kama mtoto anacheka na kunyonya. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, iwe General au Benjamin Mkapa. Eksirei yaweza kuukosa ufa, na damu iliyovuja ndani ya fuvu haiioni kabisa. Hiyo ni kazi ya CT scan. Tena mchanga ana damu kidogo, kama mililita 80 kwa kila kilo, hivyo nundu kubwa peke yake yaweza kumpausha. Tazameni viganja na ndani ya kope.

Maji maangavu yakitoka puani au sikioni, msizibe kwa pamba. Huenda sakafu ya fuvu imepasuka, na vijidudu vikipita hapo huleta homa ya uti wa mgongo. Akitapika tena na tena, akiwa mzito kuamka, au utosi ukituna akiwa ametulia, msingoje kukuche. Na degedege la baada ya kuanguka si la mganga, jamani.

Kuna jingine ambalo wengi hawaambiwi wanaporuhusiwa. Chini ya miaka 3 ubongo hukua kwa kasi. Utando mgumu unaoufunika ukichanika pamoja na mfupa, ubongo au maji yake husukuma kwenye ufa, na badala ya kuunga, ufa unapanuka. Hutokea mara chache, lakini likitokea halijitibu. Baada ya wiki au miezi nundu inarudi pale pale, pengine ikidunda, na kidole kinahisi pengo la mfupa. Likiachwa huleta kifafa au udhaifu wa upande mmoja. Dawa yake ni upasuaji wa kushona utando na kuziba pengo. Kwa hiyo tarehe ya kuanguka na upande ulioumia viandikwe kwenye kadi, na baada ya mwezi mmoja au miwili, siku ya kupima uzito, mwambieni nesi apapase hapo hata kama mtoto hana shida.

Bibi yenu,
Dodoma