Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wapenzi wa waridi, Arusha, Julai 2023 hadi Juni 2024: tuliangalia ua tukasahau jani

Wazee wangu na mama zangu shikamooni, wadogo zangu nawasalimu wote. Kawaida taarifa hii inasomwa kwenye mkutano mkuu ila wengi mmeomba niitume kwenye grupu mapema ili mje mmeshaisoma, basi hii hapa, na naanza na lile linalouma manake haifai nianze na michango halafu hili nilifiche mwishoni.

Ile miche 40 ya waridi tuliyonunua kwa pamoja mwezi wa tisa, iliyo hai na yenye afya leo ni 9. Nimezunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, Njiro, Sakina, Moshono, Ilboru mpaka kwa wenzetu wa Tengeru, nahesabu. Risiti nilisaini mimi, kuchagua nilichagua mimi na wajumbe wawili wa kamati, kwa hiyo asilaumiwe aliyepanda wala aliyemwagilia. Ni sisi, na nawaomba radhi kwa moyo wote.

Kilichotokea ni hivi. Muuzaji alituonyesha mashina yaliyong'olewa kwenye shamba la maua ya kuuza nje, yale wanayotoa wakibadilisha aina, na siku ile kila shina lina ua kubwa kama kikombe cha chai, rangi ya chungwa, njano, nyekundu nzito, tukaona hapa tumepata. Hatukuuliza waridi hili limekulia wapi. Limekulia grinihausi, yaani tangu lizaliwe halijawahi kunyeshewa hata siku moja, maji linapewa kwa matone chini kwenye mizizi, jani liko kavu mwaka mzima na dawa inapigwa kwa ratiba. Anayezalisha aina za namna hiyo anatafuta shina refu na ua litakalokaa siku nyingi kwenye chombo baada ya kupanda ndege, ugonjwa wa madoa meusi ya majani haumnyimi usingizi kwa sababu kwenye jani kavu hauoti. Sasa sisi tukalichukua tukalipanda nje, Arusha, tena vuli ya 2023 ile ya El Niño, na kabla halijapumua ikaja masika ya 2024 ambayo wote tunaikumbuka.

Madoa meusi ni fangasi, na mbegu zake zinataka jani libaki limelowa mfululizo kama masaa 7 hivi ndo ziingie. Hebu angalieni Aprili yetu, mvua inapiga jioni, usiku kucha hakuna upepo, jua linaonekana saa nne asubuhi, hayo masaa 7 yanapatikana mara mbili. Halafu tone likidondoka kwenye jani linaloumwa linarushia mbegu jani la jirani. Ulaya angalau kuna baridi kali, majani yanadondoka yote na mti unaanza upya, kwetu jani la zamani na jani jipya wanaishi nyumba moja mwaka mzima, kwa hiyo ugonjwa hauna likizo.

Mche wangu mmoja niliukalia chini kila asubuhi kwa wiki 2 nikiuangalia. Doa linaanza chini kabisa, jeusi, kingo zake hazijakatwa vizuri kama duara, zimechanika chanika kama wino uliomwagika kwenye karatasi ya tishu, pembeni panakuwa njano, halafu siku ukiligusa jani kwa kidole linabaki mkononi. Baada ya Pasaka ulikuwa umebaki vijiti vitatu vya kijani na juu kabisa ua moja la chungwa, zuri sana, bila jani hata moja chini yake. Picha yake nimeiweka kwenye grupu, naomba muitazame mara mbili.

Sasa mita chache tu kutoka kwa mmoja wa wanachama wetu wa Ilboru aliyepoteza miche yote mitatu, kwenye uzio wa mama mmoja jirani yake, kuna lile waridi la pinki ambalo akina mama wanaliita la bibi, linalopandwa kwa kukata kijiti na kuchomeka ardhini. Mvua ile ile, udongo ule ule, dawa hajawahi kulipiga. Majani yamejaa mpaka chini, magumu kidogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ua lake dogo, siku 3 linapukutika, na wengi wetu tumelipita miaka yote bila kugeuza shingo. Mimi pia nimelipita.

Na kuna jambo wapenzi wa waridi la njano mlijue, sio bahati mbaya kwamba ya njano na ya chungwa ndo yaliyokwisha mwanzo. Rangi ile kali iliingia kwenye mawaridi ya kisasa kupitia Rosa foetida, waridi la huko Asia ya magharibi, pale mzalishaji wa waridi Pernet-Ducher wa Lyon, Ufaransa, alipotoa aina inayoitwa Soleil d'Or mwaka 1900, na pamoja na rangi likaja na udhaifu wa madoa meusi. Wazalishaji wamehangaika zaidi ya miaka 100 kuutoa. Ujerumani wana alama inaitwa ADR, waridi linapandwa bustani mbalimbali miaka 3 bila dawa yoyote, likifaulu ndo linapewa. Mvua ya kule sio mvua ya Meru, ila wazo ndo lile lile na sisi tunaweza kulifanya wenyewe.

Kwa hiyo kamati imeamua na naomba mkutano ubariki: kuanzia sasa hatununui mche wowote wa pamoja mpaka tumeuona mti mama wake mwezi wa tano, umesimama nje, mvuani. Septemba kila waridi ni zuri. Mkifika hapo inameni, angalieni majani ya chini kwanza, ua mwisho. Ile aina ya waridi jeupe inayoitwa Iceberg, ya mzalishaji Kordes wa Ujerumani, ya mwaka 1958, kwa wanachama wawili wa Njiro ilipata madoa lakini ikarudisha majani kabla ya Juni, hiyo naihesabu imefaulu.

Kitu kingine, mtoeni mche kwenye kiriba muone shina linapokutana na mizizi. Katika miche yetu 6 nilikuta nundu pale, moja ilikuwa saizi ya ndimu, ngumu, ya kahawia, imekunjamana kama koliflawa. Ile ni bakteria anayeingia kwenye kidonda cha kisu au jembe, hana tiba, mti unang'olewa na kuchomwa na shimo lile msipande waridi miaka kadhaa kwa sababu anabaki kwenye udongo. Waliokutwa nayo nimeshaongea nao mmoja mmoja.

Wale mnaotumia maji ya kisima, jani likiwa njano huku mishipa imebaki kijani sio njaa ya samadi wala yurea, nimeona watu wanaongeza mbolea mpaka mti unaungua. Maji yetu mengi hapa yana magadi, yanapandisha pH ya udongo na madini ya chuma yanakuwepo ila mizizi haiwezi kuyachukua. Kingeni maji ya mvua, wekeni mboji kwa wingi, na mbolea ya madini ya chuma yenyewe inauzwa duka la pembejeo. Dawa za fangasi za kwenye chupa isiyo na lebo naomba sana mziache, dawa halali imesajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na ofisi yao iko hapa hapa Ngaramtoni, kuuliza ni bure.

Fedha, mweka hazina ataleta karatasi yake, kifupi ni kwamba michango imelipwa vizuri na hela ya miche muuzaji hakurudisha.

Zuri la mwaka, Februari yule mama wa Ilboru alituruhusu kukata vijiti vya la bibi, akina dada wa Sakina wamevitunza kivulini kwenye mchanga na mboji na vingi vimeshika mizizi. Waliopoteza miche watapewa kwanza.

Kupogolea tunafanya pamoja Jumamosi ya pili ya Julai, saa tatu asubuhi, bustani ya Moshono. Kila mtu na mkasi wake, glavu, na kichupa cha spiriti cha kufutia mkasi kila ukihama mti, na gunia la majani yaliyodondoka kwa sababu tutayachoma. Na baridi hii ya Julai na Agosti inaleta ubwiri unga, ule mweupe kama unga wa sembe kwenye vichipukizi, huo hauoti vizuri kwenye jani lililolowa, kwa hiyo uoshwe na mpira asubuhi mapema ili jua likaushe, jioni hapana. Wa Tengeru mkikosa usafiri mnipigie, gari langu lina nafasi nne.