Barua kwa mwanangu: nani atakuwa nyumbani saa tisa?

Muheza, Novemba, Jumapili jioni

Mwanangu,

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia mara tatu, ya tatu nikiwa na mdogo wako ili anihakikishie kwamba sikusikia vibaya. Mnaiacha Houston, mnahamia Katy, mji ule wa pembeni, huko huko Texas. Mkataba wa nyumba unaisha Januari na hamuongezi, mjukuu wangu amalizie darasa la nane huko, Agosti aanze la tisa huko huko. Nimeona niandike, maana kwenye simu unanikatisha na mimi nakukatisha, mwisho tunaulizana kama mvua imenyesha. Mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie. Isome ukiwa umekaa, si ndani ya gari.

Sikukatazi. Nakuuliza jambo moja tu: watoto wakirudi shule saa tisa alasiri, nani atakuwa nyumbani?

Najua utanijibu kwa habari za shule, na hapo una haki yako. Niliisoma yote ile habari ya Demetrio Rodriguez, baba wa San Antonio aliyefungua kesi mwaka 1968 kwa sababu wanawe walisoma kwenye jengo bovu, na upande wa pili wa mji ule ule shule za wenye nazo hazikupungukiwa kitu. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia, majaji watano kwa wanne. Nimeshika chaki miaka 38, mwanangu, uchungu wa baba yule sihitaji kutafsiriwa. Shule ikitegemea kodi ambayo serikali inatoza nyumba zilizoizunguka, mtoto wa nyumba za bei ndogo amekwisha kupunjwa kabla hajafungua daftari. Texas wakatunga sheria mwaka 1993 wilaya za shule zilizo tajiri zitoe sehemu ya kodi zao ziende kwa maskini, na bado unaona mwenyewe tofauti iliyobaki. Tena tangu jimbo lishike uongozi wa shule za Houston mwaka 2023 nasikia zipo shule ambazo maktaba zimefungwa. Maktaba! Siku uliyoniambia hilo sikula chakula cha jioni. Kwa hiyo kutaka kuhama sikulaumu hata kidogo. Mzazi asiyehangaikia shule ya mwanawe ni mzazi gani?

Ila hesabu yako umeiacha katikati. Pango la nyumba ya huko linapanda, umesema mwenyewe, na utaongeza shifti mbili kwa wiki kulifidia. Mkwe wangu yuko na lori, Jumatatu anaondoka, akirudi mapema ni Ijumaa. Kutoka mnapokaa sasa hadi hospitali unakofanya kazi ni nusu saa. Kutoka Katy ni kilometa 45 na zaidi, na barabara ile ya I-10 nimeiona, ni pana kuliko Mto Pangani na asubuhi inajaa yote. Kuingia kazini saa moja utatoka watoto wamelala. Kurudi, Mungu ndiye ajuaye. Maana yake mvulana wa miaka kumi na tatu atakuwa baba na mama wa msichana wa miaka saba, siku tano kwa wiki. Atampashia chakula, atamwogesha, atamfundisha kusoma, kisha ndipo afungue vitabu vyake vya hiyo shule nzuri. Saa ngapi?

Miezi sita niliyokaa kwenu nilikuwa nasimama pale kwenye ngazi basi la njano likifika. Mwaka huu goti langu hili haliwezi safari ya ndege mbili, usinihesabu. Nilipoondoka aliyebaki kuwapokea ni mama yule wa Bukavu wa chini yenu, anayewaita wanao wajukuu zake na kuwasemesha Kiswahili chao cha Kongo. Hajawahi kukudai senti. Huko Katy utamgongea nani? Nyumba zina bustani na uzio, nimeziona kwenye picha. Sikuona mtu hata mmoja aliyekaa nje.

Unasema yote haya ni kwa ajili ya chuo. Haya, tuzungumze chuo. Mjukuu wangu mwenyewe ndiye aliyenieleza ile sheria ya 1997, kwamba mwanafunzi wa Texas akimaliza sekondari kwenye asilimia 10 ya juu ya wenzake wa shule yake, vyuo vikuu vya umma vya jimbo vinampokea moja kwa moja. Kile cha Austin kimebana zaidi, sasa kinataka asilimia 5. Wanapimwa na wenzao wa shule ile ile, si na jimbo zima. Basi chukua shule ya huko unakompeleka, tuseme darasa lina watoto 800. Asilimia 5 ni watoto 40. Hao 40 wengi wana mwalimu wa ziada jioni, mzazi aliye nyumbani, na chumba chenye utulivu. Wako atakuwa anakaanga mayai ya mdogo wake. Hapo alipo sasa ni wa pili katika darasa lake, umenitumia ripoti, nimeibandika ukutani karibu na picha ya marehemu baba yako. Sisemi abaki kwenye shule dhaifu ili awe wa kwanza kati ya walioachwa nyuma. Nasema usihesabu jina la shule ukasahau mtoto ataifikia akiwa na nguvu kiasi gani.

Na kuna jambo aliloniambia mimi, hakukuambia wewe. Usimgombeze, ameogopa kukuvunja moyo. Anaitaka DeBakey, ile sekondari ya watoto wanaotaka kuwa madaktari, iliyopewa jina la yule daktari wa moyo, na tangu 2017 iko humo humo kwenye eneo la hospitali unakofanya kazi. Ni shule ya wilaya ya Houston na nafasi yake ni ya kuomba. Ukiwa mkazi wa Houston unaomba kama mwenyeji. Ukihamia Katy umeingia wilaya nyingine na haki hiyo umeiacha nyuma. Wanaomba wengi, anaweza kukosa, na akipata atakutana na vichwa kama chake, hiyo asilimia 5 itakuwa ngumu vile vile. Lakini asubuhi mtapanda gari moja, wewe na yeye. Jioni mtarudi pamoja. Umewahi kumuuliza anataka nini? Au umeamua kama tunavyoamua siku zote sisi wazazi, mtoto akiwa chumba cha pili anasikia?

Ya Temeke unayajua kuliko mimi, sitayarudia. Shule yetu ya kijiji nilifundisha mimi mwenyewe, darasa moja watoto 94, madawati kumi na mbili, nilijua isivyotosha ndiyo maana nikakutoa. Wifi yangu wa huko Temeke alikuwa na nyumba kubwa na shule ilikuwa karibu. Ulifaulu, jina lako likatoka Kilakala, sekondari ile ya wasichana ya Morogoro, kijiji kizima kilikuja kunipa mkono, na mpaka leo walimu wenzangu wananiita mama wa Kilakala. Hilo hakuna wa kuliondoa. Lakini ile likizo ya darasa la tano uliporudi nikakushika mikono, nikaona vidole vilivyo, nikasema sabuni za Dar ni kali. Nilisema hivyo mbele ya baba yako. Jumatatu nikakupandisha basi. Siku hizi nikifua nguo zangu naikumbuka sabuni ile.

Ndiyo maana nauliza, nani atakuwa nyumbani. Wifi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nyumbani kutwa, na nyumba ilikuwa tupu.

Kama lazima mhame, basi mkwe wangu aombe njia za karibu, wapo madereva wa mizigo ya mji wanaolala kwao. Mshahara utapungua, najua. Au mtafute nyumba hapo hapo Houston, mahali shule yake ina nafuu, si lazima twende mpaka mwisho wa dunia. Wewe ni mkaidi tangu ukiwa na miaka sita, na ukaidi huo ndio uliokufikisha ulipo, wa kwanza katika ukoo wa baba yako kuvaa sare ya uuguzi, tena ugenini, kwa lugha ya kujifunzia ukubwani. Najivunia mpaka nashindwa kusema. Lakini safari hii nisikilize hata kidogo.

Huku vuli imeanza vizuri. Tumepanda miche kumi na minane ya michungwa upande wa kisima, mmoja umeliwa na mbuzi wa jirani, nimemsemesha, amekubali kulipa. Bati za jikoni zinavuja penye kona, nimetega ndoo. Pesa ya bati usitume mwezi huu wala ujao, mtahitaji kwa mambo yenu, na mdogo wako amesema ataziba kwa lami kwanza. Dawa zangu za presha zipo mpaka mwisho wa Desemba. Yule binti wa shangazi yako mdogo anaolewa baada ya mfungo, mchango wako nimeutoa mimi, tutahesabiana baadaye.

Nipigie Jumamosi saa tatu usiku ya huku, kwenu itakuwa saa sita mchana, mjukuu wangu awe karibu nimsikie mwenyewe. Na kama hao wenye nyumba wanakutaka usaini kabla ya Jumamosi, nipigie saa yoyote, hata ikiwa usiku wa manane. Simu naiweka karibu na mto.

Mama yako