Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzangu, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Karibu sana wakili, manake tumeambiwa ulisoma hapa hapa na ukachapwa hapa hapa (samahani mwalimu mkuu), ndo maana klabu ikaona risala ya mwaka huu isiwe ya kuomba jezi tena, iwe ya kesi.

Muhula huu tumesoma kesi ya Owino Uhuru, kile kijiji cha hapa Mombasa ambacho watu wake walidhuriwa na sumu ya kiwanda jirani. Wengi wetu tumezaliwa Mombasa hii hii na hatukuwa tunaijua, aibu lakini ndo ukweli. Kiwanda chenyewe kilianza 2007, kazi yake ilikuwa kuvunja betri za gari zilizokufa na kuyeyusha risasi, si ile ya bunduki, ni ile iliyo ndani ya betri, na nyumba za watu ziko pale pale ukutani. Moshi unatua kwenye mabati, maji machafu yanatoka nje, mtoto anacheza mchangani halafu anatia mkono mdomoni. Mwalimu wa baiolojia alituambia mwili unaidhania risasi ni kalsiamu, inaenda kukaa kwenye mifupa, na mtoto mdogo anaifyonza mara 4 mpaka 5 kuliko mtu mzima, na ikishaharibu ubongo basi tena.

Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa kule kule mwaka 2009, mwanawe wa kunyonya akaugua, mara malaria, mara taifodi, wapi, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Akaacha kazi, akaandamana na wakazi, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa 2014, kesi ikapelekwa 2016.

Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na mazingira yasafishwe la sivyo zitoke milioni 700 zingine. Tulivyofika hapo klabu nzima ilipiga makofi. Kumbe bado, 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile fidia, watu wakanuna kama ni wao walionyimwa, halafu tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe wakili, mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kinafunguliwa siku hiyo alikuwa ashafika miaka 17.

Lakini kilichotufanya tubishane mpaka kengele ikalia ni vile korti ya 2020 iligawa lawama. Fungu kubwa, asilimia 40, halikwenda kwa kiwanda, lilikwenda kwa NEMA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira. Wengine wakasema si haki, mimi nikasema haki kabisa, mwenye kiwanda anatafuta pesa na hajaficha, ila NEMA kazi yake ni kuangalia, sasa ilikuwa inaangalia wapi?

Na kuna kitu kwenye katiba kifungu cha 70 tulikisoma mara mbili mbili, eti ukienda kortini kudai haki ya mazingira safi huna haja ya kuonyesha kwamba ushaumia. Sasa mbona kila mtu anangoja mpaka damu ipimwe?

Nyuma ya shule, wakili, kuna banda la kuyeyusha betri kuukuu watengeneze chubwi za wavuvi, zile risasi za kuzamishia mishipi na nyavu. Hatumshtaki mtu, wanaofanya kazi pale ni wajomba zetu na wengine wamekaa hapa kwenye viti. Ombi letu ni mbili. Udongo wa kiwanja chetu upelekwe maabara ukapimwe, klabu ina shilingi 3,400 za mabuyu, zilizobaki tunakuangalia wewe. Na utupe Jumamosi moja utufundishe kuandika barua ya malalamiko, ile ambayo ofisini hawawezi kusema haikufika, na wajomba nao waje, manake mapafu yanayoanza ni yao.

Ahsante, naomba kuwasilisha. Mabuyu yako pale mezani, kumi kumi.