Vijana wanaoleta mifugo Nane Nane wafundishwe kabla Mei haijaisha

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na waandaaji wa Nane Nane Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, pamoja na halmashauri, shule na vikundi vinavyoleta mifugo uwanja wa John Mwakangale hapa Mbeya. Ombi letu ni moja: kijana asipewe banda la kuonyeshea mnyama mpaka awe amepitia mafunzo mafupi ya utunzaji salama, na mafunzo hayo yafanyike kabla ya mwisho wa Mei.

Kwa nini Mei? Kwa sababu ya dawa. Maonyesho yakiisha tarehe 8 Agosti, dume huuzwa kwa mchinjaji, nguruwe huenda buchani, na maziwa ya ng'ombe yanaendelea kunywewa. Kila dawa ya sindano ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo, yaani siku ambazo nyama au maziwa hayaruhusiwi kuliwa. Siku hizo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Kwa OTC ya asilimia 20 (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria), nyama mara nyingi husubiri siku 21 hadi 28, na zipo lebo zinazozidi hapo. Ivermectin ya asilimia 1, dawa ya minyoo, huweza kufika siku 49. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 8 Agosti: siku 28 zinakufikisha tarehe 11 Julai, siku 49 zinakufikisha tarehe 20 Juni. Kijana anayefundishwa wiki moja kabla ya maonyesho anaambiwa habari iliyokwisha kupita, maana mnyama kesha chomwa dawa ya minyoo ili ang'ae.

Na siku za kwenye lebo ni halali tu kama kipimo kilikuwa sahihi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa uzito hukisiwa kwa macho. Mizani ya ng'ombe ni adimu vijijini, lakini futi ya fundi cherehani ipo kila mahali. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matakoni, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa 125 ana kilo kama 260. OTC ya asilimia 20 hutolewa mililita 1 kwa kilo 10, kwa hiyo huyu anastahili mililita 26. Aliyekisia kilo 400 atachoma 40, na hapo zile siku 28 hazina maana tena. Aliyekisia kilo 150 atachoma 15, ugonjwa hautapona na vimelea vitaizoea dawa.

Mililita 26 hazichomwi mahali pamoja. Zisizidi 10 kwa sehemu moja, hivyo zigawanywe sehemu tatu, zikiachana angalau upana wa kiganja, pande zote mbili za shingo. Tunasisitiza shingo. Sindano ya pajani au matakoni huacha kovu na usaha ndani ya steki, nyama ya bei kubwa kuliko zote, na ikigusa mshipa mkubwa wa fahamu mnyama huburuta mguu. Kwa ng'ombe mkubwa tumia sindano ya namba 16 au 18. Ikipinda usiinyooshe, itupe, kwa sababu iliyonyooshwa ndiyo inayokatikia ndani ya msuli. Ikikatika, weka alama hapo hapo kwenye ngozi, mwite mtaalamu wa mifugo, andika, na mchinjaji aambiwe.

Kuhusu maziwa, wengi hudhani kuyachemsha kunaondoa dawa. Hakuondoi. Mabaki ya penisilini hustahimili moto wa jikoni, na mtu mwenye mzio nayo anaweza kudhurika kwa kikombe kimoja cha chai. Anayegandisha mtindi ataiona dalili: maziwa yanakaa siku nzima na hayagandi, kwa sababu dawa imeua bakteria wa kugandisha. Ng'ombe aliyetibiwa kiwele afungwe utepe mwekundu mguuni, akamuliwe wa mwisho, na maziwa yake yamwagwe mpaka siku zitimie.

Yote haya yanahitaji daftari. Liwe na tarehe, namba ya hereni, uzito, ugonjwa, jina la dawa na namba ya toleo, kipimo, mahali ilipochomwa, jina la aliyechoma, na tarehe ambayo nyama na maziwa vitakuwa salama. Tarehe hiyo ya mwisho iandikwe siku ile ile ya sindano. Daftari lililojazwa kwa kalamu moja, siku moja, tarehe 31 Julai, linajulikana kwa kulitazama tu.

Lipo pia suala la urembo wa kudanganya majaji. Kuacha kumkamua ng'ombe ili kiwele kitutumke kunamuumiza na kukaribisha ugonjwa wa kiwele. Kumnywesha maji kwa nguvu ili tumbo lijae kunaweza kuyapeleka mapafuni. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na kijana aifahamu kabla hajashika kamba ya mnyama.

Kwa nguruwe tunaomba ukali zaidi. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na mlipuko wa 2010 ulioanzia Kyela haukuishia Kyela. Nguruwe asilishwe makombo ya hoteli au ya nyumbani yenye nyama. Asiingie uwanjani bila kibali cha kusafirisha mifugo. Akirudi nyumbani, atengwe siku 21, ahudumiwe wa mwisho, kwa buti na ndoo zake mwenyewe. Kuku nao wapewe chanjo ya mdondo si chini ya wiki tatu kabla ya safari, maana kinga haijengeki barabarani. Na wanyama wanaopanda kutoka Kyela au Usangu wawekewe matandiko makavu ya kutosha, kwani usiku wa Agosti Mbeya ni baridi kali.

Jambo hili si geni duniani. Marekani, maonyesho mengi ya kaunti huwadai vijana wa miaka 8 hadi 21 cheti cha kila mwaka cha mafunzo ya namna hii, chini ya mpango uitwao YQCA, na darasa lake ni la kama saa moja. Kwetu nusu siku inatosha: saa moja ya lebo na hesabu, saa moja ya kupima na kushika mnyama, iliyobaki ya daftari. Maofisa mifugo wa kata wanayajua haya yote. Kinachohitajika ni waandaaji kuandika katika fomu ya maombi ya banda kwamba cheti na nakala ya daftari viambatishwe, na mkaguzi wa getini apewe mamlaka ya kumrudisha mnyama ambaye siku zake za dawa hazijatimia.

Wadau wa mifugo,
Uyole, Mbeya