Mbegu zinakimbia, mimba hazikai: malalamiko kuhusu mirija ya dume mliyoniuzia

Kwa Meneja,
Idara ya Mauzo ya Mbegu za Ng'ombe.

Ndugu,

Nimehimilisha ng'ombe 12 kwa mirija ya mbegu zilizogandishwa za dume mmoja niliyonunua kwenu, yote ya toleo moja. Wenye mimba leo ni watatu. Wiki ileile, mtaalamu yuleyule, kwa mtungi uleule wa naitrojeni wa kuhifadhia mbegu, alihimilisha wengine 10 kwa mbegu za dume mwingine, na wanane wameshika. Kwa hiyo hoja ya lishe, au ya mtaalamu asiyejua kuyeyusha mrija, naomba msinirudishie.

Kinachoniumiza zaidi ni siku walizorudia joto, yaani kutaka dume tena. Ng'ombe asiyeshika hurudi baada ya siku 21 hivi. Sita kati ya wale tisa walipita siku hizo kimya, nami nikaanza kuhesabu ndama. Mmoja wao, Nyota, nilimkuta alfajiri ya siku ya 38, ute mwangavu ukining'inia nyuma yake kama uzi, wenzake wakimpanda naye katulia tuli. Nilisimama na ndoo ya kukamulia mkononi nisiamini. Joto linalochelewa namna hiyo huweza kuwa na maana kwamba yai lilirutubishwa, kisha kiinitete kikafa.

Afisa wenu alinijibu kwamba cheti kinaonyesha mbegu zinakimbia vizuri baada ya kuyeyushwa. Sibishi, zinakimbia. Ila mbio za mkia hazituambii hali ya DNA, yaani vinasaba, iliyofungwa kichwani mwa mbegu. Mbegu ambayo DNA yake imekatikakatika yaweza kulifikia yai na kulirutubisha, hasara ikaonekana baadaye, kiinitete kinapoanza kutumia vinasaba vya baba. Mbegu iliyokomaa haiwezi kurekebisha DNA yake, na yai hurekebisha kiasi tu. Kipimo cha uharibifu huo si kigeni: mtafiti Donald Evenson na wenzake walikieleza mwaka 1980, na mbegu za fahali zilikuwamo. Mbegu hutiwa rangi. Yenye DNA nzima hung'aa kijani, iliyoharibika nyekundu. Kwa nini cheti chenu hakikitaji kabisa?

Dume hutumia takribani siku 61 kutengeneza mbegu, na korodani zake lazima ziwe baridi kuliko mwili. Akipata homa au jua kali katika kipindi hicho, mbegu huweza kuharibika, ilhali siku ya kuvunwa yeye mwenyewe anaonekana mzima.

Nipeni basi tarehe ya kuvunwa kwa toleo hili na kumbukumbu za afya ya dume kwa miezi miwili kabla yake. Pimeni DNA, na mauzo ya toleo hilo yasimame mpaka majibu yatoke, maana wapo wafugaji wengine wanaohesabu siku kama nilivyohesabu mimi. Fedha za mirija tisa nazidai. Muda ambao ng'ombe wangu wamepoteza hamwezi kuurudisha.

Mirija minne imebaki mtungini, haijaguswa. Njooni mchukue miwili. Miwili mingine naipeleka maabara nyingine.

Wenu,
Mfugaji na mteja wenu