Bunduki ya dhahabu iliyoua kompyuta ya mpwa wangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na vijana wanaocheza gemu za zamani za kurushiana risasi, na wazazi ambao kompyuta zao ndizo zinazochezewa.

Juzi mpwa wangu alinijia na kompyuta mpakato chini ya kwapa, uso umemshuka. "Mjomba, imekufa." Haikuwa imekufa, ilikuwa imejaa virusi. Alitaka AK-47 ya dhahabu ndani ya Counter-Strike 1.6, akaipakua, akaibofya mara mbili akisubiri iingie yenyewe. Nikamuuliza faili iliitwaje. "v_ak47.mdl." Jina hilo ni sahihi kabisa, ndiyo maana nikashtuka. Kumbe Windows, isipoelekezwa vingine, huficha herufi za mwisho wa jina la faili. Nilipoziamuru zionekane, jina kamili likajitokeza: v_ak47.mdl.exe. Hizo nne za mwisho, .exe, ndizo zilizomponza, maana ni alama ya programu inayoendeshwa ukiibofya.

Mimi nimecheza gemu hii tangu toleo la 1.6 lilipotoka mwaka 2003, na bunduki nimezibadilisha sura kuliko nilivyobadilisha mashati. Skini, yaani hiyo sura mpya ya bunduki, kwenye 1.6 haisakinishwi na programu yoyote. Ni faili ya mdl unayoinakili kwa mkono wako hadi kwenye folda ya models, iliyo ndani ya folda ya cstrike. Basi. Ukiona skini inataka kubofywa ili "ijiweke", ifute.

Herufi ya mwanzo wa jina nayo ina maana yake. Yenye v ni bunduki uionayo mkononi mwako, yenye p ni ile uionayo mikononi mwa wengine, yenye w ni iliyoanguka chini. Ukibadilisha ya v peke yake, utashika dhahabu, kisha ukifa itadondoka chini ikiwa chuma cha kawaida. Milio iko kwingine, kwenye sound/weapons, na ni faili za wav.

Kosa langu mimi lilikuwa tofauti. Zamani nilifunika faili za asili, za kisu na bastola ya Desert Eagle, bila kuweka nakala. Nikaingia kwenye seva, ile kompyuta inayowakutanisha wachezaji mtandaoni, inayokagua faili zao, ikanitoa mlangoni kwa kuwa zangu hazikulingana na zake. Sikuwa na pa kuzitoa za asili, nikasakinisha gemu nzima upya. Siku hizi shida hiyo imepungua: kwenye toleo la Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, unatengeneza folda ya cstrike_addon kando ya cstrike, ndani yake unaweka models na sound kwa mpangilio uleule, kisha unaruhusu nyongeza hizo kwenye mipangilio ya gemu. Za asili haziguswi. Ukichoka, unazima.

Basi nikamsafishia kompyuta, nikamtafutia dhahabu halali. Ikatokea imegeuka kama kwenye kioo, maandishi ya ubavuni yanasomeka kinyumenyume. Hilo halikunisumbua, wengine huzichonga kwa mkono mwingine. Niliandika cl_righthand 0, amri ya kuhamisha bunduki mkono, kwenye konsoli, lile dirisha la kuandikia amri ndani ya gemu, ikakaa sawa.

Wahariri wa kurasa za teknolojia huandika sana juu ya skini za kununua, zile zilizoanza kwenye Counter-Strike: Global Offensive mwezi Agosti 2013. Sina ugomvi nazo. Lakini wapo wengi wenye kompyuta dhaifu ambao bado wako kwenye 1.6, na hao hawaandikiwi kitu. Mistari miwili tu ya kuwaambia wafichue herufi za mwisho wa majina ya faili ingetosha. Nakuombeni muichapishe.

Jambo moja sikumwambia kijana mapema, nikiogopa kumharibia furaha: faili hizo ziko kwenye diski yake yeye, kwa hiyo dhahabu anaiona yeye peke yake. Aligundua mwenyewe. Jioni ile alisimama katikati ya uwanja wa gemu akiuliza seva nzima kama wanaiona bunduki yake, hadi mmoja akampiga risasi ya kichwa.

Mjomba mtu,
msomaji wenu wa siku nyingi