Majina ya vitu vya keneli na ya faili zilizo wazi

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, na pole kwa mkwamo unaoikumba maikrokeneli yako, yaani thredi (mikondo ya kazi ndani ya programu) zinangojana bila mwisho. Orodha ya dibaga (programu ya kutafutia hitilafu) uliyonitumia nimeisoma yote. Kinachokuzuia kwanza ni kwamba kila kitu ndani yake ni anwani ya heksadesimali: thredi ni anwani, endipointi (mlango wa kupitishia ujumbe) ni anwani, na kinachongojwa ni anwani pia. Kwenye keneli kubwa ya kawaida, yaani kiini kinachobeba karibu mfumo wote wa uendeshaji, ungefuata pointa hadi ufike kwenye jina la faili au la draiva, maana vyote vimo ndani ya keneli hiyo hiyo. Kwenye maikrokeneli, keneli ndogo inayoziachia programu za nje kazi nyingi, hufiki popote. Keneli yako haijui faili ni nini. Inajua thredi, nafasi za anwani na milango ya kupitishia ujumbe. Maana ya vitu hivyo wanayo seva, yaani programu zinazofanya kazi hizo nje ya keneli, na kila seva inajua kipande chake tu. Kwa hiyo kabla hujagusa ratiba ya thredi wala kufuli yoyote (kinga ya kuzuia thredi mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja), vipe vitu vyako majina.

Anza na namba. Kila kitu cha keneli kipewe namba ya biti 64 pale kinapozaliwa, kutoka kaunta moja inayopanda tu, na namba hiyo isirudiwe hadi mashine izimwe. Zircon, keneli ya Fuchsia, hufanya hivyo na huiita koid. Usitumie badala yake namba ya kishikio, ile ambayo mchakato hutumia kurejelea kitu cha keneli. Kishikio 7 cha mchakato mmoja hakihusiani kabisa na kishikio 7 cha mchakato mwingine, na kwenye Mach, maikrokeneli nyingine, ni vivyo hivyo: jina la poti (mlango wa ujumbe) ni tarakimu yenye maana ndani ya taski (mchakato) moja tu. Anwani ya kumbukumbu nayo ni mtego, kwa sababu thredi ikifa nyingine huzaliwa palepale, na logi (rekodi ya matukio) itakuonyesha kitu kimoja kinachofanya mambo mawili yasiyopatana. Kuhusu kaunta kujaa, usiwe na hofu: hata ukiumba vitu milioni moja kila sekunde, biti 64 zinatosha kwa zaidi ya miaka 500,000. Na kama kitu kina ncha mbili, kama chaneli, kila ncha ihifadhi pia namba ya mwenzake. Bila hiyo utajua nani anangoja, lakini hutajua anamngoja nani.

Sasa jina. Linganisha mistari hii miwili na ile uliyonitumia:

#96 faili/kuu, angoja jibu la #219 diski/amri
#218 diski/kuu, angoja kutuma kwa #97 faili/maombi

Hapo huhitaji dibaga tena. Seva ya faili imeiomba draiva ya diski isome bloku, na inangoja jibu. Draiva ya diski nayo, kabla ya kujibu, imetaka kuandika mstari wa logi. Logi ni faili, na faili ni kazi ya seva ile ile inayoingoja. Wote wawili wamelala na hakuna wa kuwaamsha. Sijui kama mkwamo wako ndio huu, ila umbo la orodha yako linafanana nao sana. Ikiwa ndio, dawa ni kukataza draiva kumwita aliye juu yake: logi yake iandikwe kwenye bafa ya mzunguko (hifadhi ambayo ikijaa kipya hufuta cha zamani) ndani ya kumbukumbu, kisha thredi nyingine ndiyo ihamishie kwenye faili kwa wakati wake.

Nani atoe jina? Aliyekiumba kitu, wakati wa kukiumba. Usikiachie kitu chenyewe kijitaje baadaye, kwa sababu kati ya kuzaliwa na kujitaja kuna dirisha, na hitilafu za uanzishaji hupenda kutokea humo humo. Thredi ambazo keneli yenyewe huziumba, kama ile ya kukaa bure na ile ya kwanza ya mtumiaji, keneli izitaje yenyewe. Katika seL4, maikrokeneli nyingine, utaziona kama idle_thread na rootserver. Waundaji wa Genode, mfumo wa uendeshaji uliojengwa kwa vijenzi vidogo, wamelifikisha wazo hili mbali zaidi: lebo ya kila kikao hujengwa na wazazi, kila mzazi akitanguliza jina la mtoto aliyeleta ombi, hadi unapata mfano wa «drivers -> usb». Mtoto anaweza kuongeza neno lake mwishoni, lakini hawezi kufuta kilichotangulia, kwa hiyo hawezi kujifanya mtu mwingine. Hata kama mfumo wako hauna wazazi wa namna hiyo, kanuni yenyewe ichukue: sehemu ya mbele ya jina itolewe na anayeaminika, sehemu ya nyuma iwe huru.

Urefu wa jina ndio unaowagombanisha watu. Linux hutoa baiti 16 kwa jina la thredi, ikiwemo baiti ya sifuri inayofunga jina. Zircon hutoa 32, nayo pia sifuri ikiwemo. Mimi nakushauri 32. Kumi na sita hazitoshi. Chukua thredi nne zinazoitwa seva-ya-mtandao-pokea-1 hadi 4: ukikata baada ya herufi 15, zote nne zinabaki kuwa seva-ya-mtandao, yaani umepoteza kile kile kinachozitofautisha. Kinachotofautisha kwa kawaida kiko mwishoni, hivyo maktaba yako ikilazimika kufupisha, ikate katikati au mwanzoni na ihifadhi mkia. Kufupisha kuwe kazi ya maktaba, si ya keneli. Keneli ikiletewa jina refu mno irudishe kosa wazi, kama pthread_setname_np ya Linux inavyorudisha ERANGE, badala ya kukata kimyakimya kama prctl inavyofanya. Ila kosa hilo lisiue programu. Ukiangalia seL4_DebugNameThread, wito wa seL4 wa kuipa thredi jina, kuupa jina lisilofungwa kwa sifuri au kapabiliti (hati ya haki ya kutumia kitu) isiyo ya thredi husimamisha keneli nzima. Kwa wito wa dibagi unaoondolewa kabisa kwenye toleo la kazi hilo linavumilika, lakini usiliige kwenye wito utakaobaki.

Upande wa kumbukumbu usikudanganye. Thredi ina muundo mkubwa, na baiti 32 zaidi hazionekani. Endipointi ni jambo jingine: katika seL4 ina baiti 16 tu, na kuibandika jina la 32 ni kuifanya mara tatu ya ilivyokuwa. Kwa vitu vidogo kama hivyo jina likae nje. Weka jedwali kwenye nafasi ya mtumiaji, kwa seva inayogawa kapabiliti, lenye namba, jina na beji (namba inayobandikwa kwenye kapabiliti ya kila mteja). Beji ndiyo yenye thamani zaidi hapo, maana endipointi ni moja lakini wateja ni wengi, na beji ndiyo inayosema ujumbe huu umetoka kwa nani. Kwenye mashine za biti 64 seL4 hukupa beji ya biti 64, kwenye za biti 32 hukupa biti 28. Usiruhusu seva igawe beji bila kuandika mstari kwenye jedwali. Kazi hizo mbili ziwe ndani ya funksheni moja.

Kuingiza jina ndani ya keneli ni kazi ndogo yenye mitego mingi, na hapa nakuomba uwe mwangalifu. Nakili kwanza kutoka kwa mtumiaji hadi bafa ya baiti 32 kwenye steki ya keneli (kumbukumbu ya muda ya wito unaoendelea), ndipo ushike kufuli ya kitu na kunakili mara ya pili. Usishike kufuli huku unasoma kumbukumbu ya mtumiaji. Kwenye maikrokeneli ukurasa usiopo huletwa na peja, na peja ni programu ya mtumiaji. Ukiingoja huku umeshika kufuli, na peja yenyewe ikihitaji kufuli hiyo, umetengeneza mkwamo kwa ajili ya kutafuta mkwamo. Njia ya seL4 ni safi zaidi: jina hupitia bafa ya ujumbe ya thredi, ambayo keneli tayari inaifikia, na hitilafu ya ukurasa haiwezi kutokea.

Ukiwa bado kwenye bafa ya steki, safisha. Baiti yoyote chini ya 0x20, na 0x7f, igeuze kuwa alama ya kuuliza. Programu iliyojipa jina lenye mstari mpya ndani yake inaweza kughushi mstari mzima wa logi, na ukauamini. Kama majina ni UTF-8 (ambamo herufi moja huweza kuchukua baiti kadhaa) na maktaba inayakata, iangalie pale ilipokata: ikiwa baiti ya kwanza iliyotupwa, au ya kwanza ya mkia uliobaki, inaanza na biti 10, basi herufi imekatwa katikati, itupe herufi hiyo yote. Kisha jaza sifuri hadi mwisho wa baiti zote 32, usije ukavujisha mabaki ya steki kwa anayesoma.

Kuna jambo watu hulisahau: kitu kikifa, jina lake hufa nacho, lakini namba yake imeshatapakaa kwenye rekodi za matukio. Tunza bafa ya mzunguko ya vitu 256 vya mwisho kufa. Kila kimoja kinahitaji baiti 8 za namba, 8 za wakati na 32 za jina, jumla baiti 12,288. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na kukaa unatazama «#1402» usijue ilikuwa nini. Na kila jina linapobadilishwa, toa rekodi ya tukio yenye namba, jina jipya na wakati.

Faili zilizo wazi ndizo ngumu kweli. Namba ya faili iko kwenye maktaba ya mteja, nyuma yake kuna kapabiliti, na nyuma ya kapabiliti kuna rekodi ndani ya seva ya faili. QNX, mfumo mwingine wa maikrokeneli, hutatua hili kwa kuiuliza seva: iofdinfo() hutuma ujumbe kwa msimamizi wa rasilimali, naye hujibu kwa sifa na njia ya faili. Ni muundo mzuri mfumo unapokuwa mzima. Lakini wewe unatafuta mkwamo, na seva unayoiuliza huenda ndiyo iliyokwama. Dibaga itatuma swali, nayo italala kwenye foleni nyuma ya waliolala. Kwa uchache kabisa swali hilo liwe na muda wa kukata, sekunde moja inatosha.

Ninachokipenda zaidi ni hiki. Seva ya faili itenge kurasa chache ambazo dibaga imepewa haki ya kuzisoma tu. Kila faili iliyo wazi iwe na sehemu ya baiti 128: beji ya mteja, namba ya inodi (rekodi inayoitambulisha faili hata jina likibadilika), hali ya kufungua, nafasi ya kusoma au kuandika, na mkia wa njia kwa baiti zilizobaki. Ukurasa mmoja wa baiti 4,096 unabeba faili 32. Mwanzoni mwa kila sehemu weka kaunta: seva huiongeza iwe witiri kabla ya kuandika, na huiongeza tena iwe shufwa ikimaliza, pamoja na vizuizi vya kumbukumbu ili kichakato kisipindue mpangilio. Dibaga husoma kaunta, hunakili sehemu, husoma kaunta tena. Zikitofautiana au ikiwa witiri, hurudia mara chache. Ikiendelea kuwa witiri, iandike «inaandikwa» na iendelee mbele. Usiiache izunguke milele, kwa sababu seva inaweza kuwa imekufa katikati ya kuandika, na hilo lenyewe ni habari muhimu kwako.

Njia uliyoihifadhi ni ile iliyotumika wakati wa kufungua. Faili ikibadilishwa jina baadaye, au ikifutwa ilhali bado iko wazi, njia hiyo inakuwa ya zamani. Ndiyo maana inodi lazima iwepo kando yake, na ndiyo maana nisingeiita «njia» kwenye orodha, ningeandika «ilifunguliwa kama». Linux hukokotoa upya kila unapotazama /proc (taarifa za michakato ambazo keneli huzionyesha kama faili) na huongeza «(deleted)» kwa iliyofutwa, lakini huko mti wa majina uko ndani ya keneli. Kwako kufanya hivyo ni kuiuliza tena seva iliyolala.

Usiruhusu msimbo wowote ufanye uamuzi kwa kusoma jina, hata kwa sababu ndogo kama kuipa thredi kipaumbele kwa kuwa inaitwa diski. Jina ni la macho ya mtu. Haki ziko kwenye kapabiliti. Kusoma orodha ya majina nako kuhitaji kapabiliti yake, maana njia za faili husema mengi kuhusu mwenye mashine, na taarifa ya mkwamo ikitumwa nje huondoka nazo.

Kwa hali yako ya sasa, anza na namba na majina ya thredi. Ukimaliza hilo, fanya jedwali la beji, na kurasa za faili zije baada ya hapo. Kila unapomaliza hatua, jijengee mkwamo wa makusudi: thredi mbili, endipointi mbili, kila moja ikimwita mwenzake. Ikiwa orodha haikuonyeshi duara hilo kwa majina, usiende kwenye hatua inayofuata. Nitumie orodha mpya mara tu thredi zitakapokuwa na majina, tuone kama ni ile diski.

Rafiki yako,
Juma